Syovata Mchora Mbwa Kali

Mimi mbwa simgusi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadai kwamba nimeyaandika haya kwa sababu ya mapenzi ya mbwa, kama wale wazee wa Kizungu wa Diani wanaowabeba mbwa wao kwapani. Mbwa akinipitia karibu nakusanya buibui langu, na akinilamba najua kazi iliyo mbele yangu: kuosha mara saba, moja kwa mchanga. Lakini dini yangu imenikataza mate yake, haikunituma nimwonee. Niliyoyaona mwaka huu hapa Ukunda ni uonevu mtupu, na hasira yake haijanitoka.

Jina langu Husna, fundi wa cherehani. Duka langu liko kando ya njia ya kwenda Bongwe, na kinachonitenga na karakana ya Syovata, mchora mabango, ni ukuta mmoja wa mabati. Yeye anasikia cherehani yangu kutwa, mimi nanusa tapentaini yake. Tumekaa hivyo miaka mingi na hatujagombana ila kwa sababu ya redio.

Syovata ni Mkamba wa huku huku. Babu yake alipewa shamba kwenye skimu ya Shimba Hills, na baba yake, mzee Muange, akazaliwa huko, na yeye akazaliwa huko. Kiswahili chake ni chetu. Namtania kwamba kitu pekee alichokitoa Ukambani ni ukali wa ulimi, naye hunijibu kwamba huo ameuokota hapa hapa dukani kwangu. Ni mwanamke mrefu, makucha yake hayajawahi kuwa bila rangi, na akianza kuchora hasikii hata akiitwa chakula.

Anachora mabango ya saluni, ya shule, ya maduka ya mbao. Lakini bango linalotakiwa kuliko yote hapa pwani kwetu ni lile la geti: kipande cha bati kilichoandikwa MBWA KALI. Wachoraji wengine wana karatasi waliyoikata umbo la kichwa cha mbwa; wanaiweka juu ya bati, wanapaka, wamemaliza. Syovata hakufanya hivyo. Alikuwa anakwenda nyumbani kwa mtu na penseli yake, anabisha hodi, anasema, "Nileteeni mbwa nimtazame." Hakuchora mbwa ambaye hajamwona.

Basi kwa njia hiyo akajua mambo mawili ambayo watu wengi hapa wasingependa yajulikane.

La kwanza, nusu ya mageti hayana mbwa. Mwenye nyumba anacheka, anamwambia, "Wewe andika tu, mama. Mwizi hataomba kumwona." Syovata aliandika, kwa kuwa ndiyo kazi, lakini kichwa hakuchora. Penye mbwa aliweka picha na maneno. Pasipo na mbwa aliweka maneno matupu. Wenye nyumba hawakugundua. Mimi nilijua kwa sababu aliniambia, na nilikuwa nikipita mitaani najichekea peke yangu.

La pili ndilo lililomharibia usingizi. Kule kulikokuwa na mbwa, mbwa alikuwa ndani ya sanduku. Watu wetu wanaamini kwamba mbwa akifungiwa gizani kutoka alfajiri mpaka magharibi anakuwa mkali. Wengine wanamtilia pilipili kwenye ugali wake, eti imchemshe damu. Sanduku lenyewe ni la mabati, jua la Januari linalipiga, na ndani kuna kiumbe anapumua kwa shida. Na mbwa akiwa wa zile aina zenye jina, rotwaila, jemani shefadi, au wale wenye taya pana, ndiye hasa hatoki. Mtu hajamwona akimuuma hata nzi, lakini amesikia jina, basi hukumu imeshapita. Syovata alikuwa anarudi kutoka kwenye nyumba hizo amenuna, anazipiga brashi zake kwenye mkebe mpaka rangi inaruka ukutani.

"Si wakali, Husna," aliniambia siku moja. "Wanatetemeka. Mimi naambiwa niandike mkali, na ninayemwona anatetemeka."

Nilimwambia aandike achukue chake, mbwa wa watu hawamhusu. 

Kule Bongwe kuna daktari wa mifugo, Daktari Faith, aliyejenga makao ya mbwa waliotupwa. Hoteli ikifungwa msimu wa mvua, kampuni ikihama, mtu akirudi kwao Ulaya, mbwa wanabaki nje wakizunguka majaani. Daktari anawachukua, anawachanja, anawafunga uzazi, anawatafutia watu wa kuwalea. Syovata akaanza kwenda huko kila Jumapili baada ya kanisa. Kisha akaanza kuwachora. Kila mbwa alimchora sura yake kwenye kipande cha plaiwudi, na chini yake akaandika jina na tabia. "Bofu. Anaogopa radi." "Sukari. Hapendi paka, watu hana neno nao." Akavitundika nje ya karakana, mbele ya macho yangu na ya wateja wangu.

Watu walisimama wakacheka. Mmoja akauliza kama na mbuzi wa kuposwa wapo. Lakini wapo waliosimama wakasoma, wakaenda Bongwe, wakarudi na mbwa kwenye kamba. Akija mtu anayetaka mbwa wa kufungia sandukuni, Syovata alikuwa anamfukuza palepale, tena kwa sauti ya kufika sokoni. Wateja wangu walikuwa wanashtuka na pini midomoni.

Sasa nimfikie Kamanda.

Kamanda alikuwa rotwaila wa jumba moja la kupangisha huko Diani. Syovata aliitwa kuchora bango. Bawabu, kijana anaitwa Rai, alifungua sanduku kwa kutumia mti mrefu, yeye mwenyewe kajificha nyuma ya mlango. Mbwa akatoka akikunja macho kwa mwanga. Alikuwa mkubwa, kichwa kama sufuria ya pilau ya harusi. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Syovata, akamkalia mguu, akamwegemea. Akakaa hivyo mpaka mchoro ukaisha.

Syovata akamchora kama alivyomwona, mdomo umefungwa. Mwenye jumba alipoletewa bango alikasirika. "Meno yako wapi? Mimi nalipia meno." Wakabishana, na mwisho Syovata akamtilia meno. Ndiyo mara ya pekee aliyochora kitu ambacho hakukiona, na alirudi dukani kwangu akaniambia kwamba amefanya kazi ya aibu.

Jumba likauzwa. Watu wakaondoka, mbwa akaachwa ndani ya sanduku. Rai, ambaye mshahara wake nao haukulipwa, alisoma nambari ya simu iliyokuwa chini ya bango, akampigia aliyelichora kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumpigia. Syovata alimkuta Kamanda ni mifupa na macho. Alipomfungulia, yule mbwa alijikokota akaja kumkalia mguu, na Syovata aliniambia kwamba hapo ndipo alipolia. Akampeleka Bongwe, na bango akaling'oa akaondoka nalo.

Kamanda alipopona akachukuliwa na Mama Hannah, mjane aliyekuwa akifundisha watoto wa chekechea, anayeishi peke yake karibu na bucha ya hapa kwetu. Alikwenda Bongwe akitafuta mbwa mdogo. Kamanda akamkalia mguu. Mama Hannah akasema, "Basi, huyu ameshaamua." Akaomba na lile bango. Syovata hakutaka kumpa.

"Mama, hilo bango ni uongo."

"Najua, mwanangu. Lakini naishi peke yangu. Wacha wezi wausome huo uongo."

Syovata akampa. Tukalitundika wenyewe kwenye geti lake, mimi nimeshika ngazi. Kamanda mwenyewe alikuwa akitembea na yule mama asubuhi kwenda kununua maziwa, mwendo wa bibi harusi, na usiku analala kwenye mkeka mlangoni. Hakuna aliyemfungia tena.

Halafu Cynthia akaumwa. Ni binti wa jirani, anaanza tu kusoma, mama yake anauza mboga. Alitumwa dukani jioni, akarudi analia, shavu la mguu linatoka damu. Alisema "mbwa". Hilo tu ndilo walilolisikia. Alipelekwa Msambweni hospitalini, akaanza sindano za kichaa cha mbwa, na kabla hajarudi nyumbani watu walikuwa wameshakwenda kwa Mama Hannah na fimbo.

Walimtoa Kamanda kwa kamba. Bango nalo wakaling'oa. Wakaenda mpaka kwa naibu wa chifu, Mzee Chome, na kwa bahati yeye alisema hamwui mnyama kabla ya watu kusikizwa. Baraza likawekwa kesho yake baada ya sala ya adhuhuri. Usiku ule Mama Hannah hakulala. Kamanda alifungwa kwenye nguzo ya ofisi, na yule mama alikaa naye kwenye benchi mpaka kukacha, asije mtu akarusha sumu.

Nilifunga duka nikaenda. Sikwenda kwa ajili ya mbwa. Nilikwenda kwa ajili ya Syovata, kwa kuwa nilimwona alivyotoka karakana na nikajua atasema neno litakalomponza.

Aliyesimama kusema kwa niaba ya watu ni Bwana Boga, mwenye duka la simiti na misumari. Huyu bwana ni mteja wangu, na sauti anayo. Kijana mmoja alikuwa ameshatumwa kutafuta sumu, na Boga alisema hivyo wazi, kama mtu aliyeagiza soda.

"Bwana naibu, sisi hatuna maneno mengi," alisema. "Mtoto ameumwa. Mbwa ndiye yule pale, rotwaila, na kila mtu anajua rotwaila ni mnyama gani. Na kama kuna anayebisha, asome."

Akaliinua lile bati juu, watu wote waone. Sura ya Kamanda, na yale meno.

"Jina la mchoraji liko hapa chini. Mama Syovata, hii si kazi ya mkono wako?"

"Ni yangu."

"Umeandika nini?"

"Mbwa kali."

"Basi umeshatujibu. Wewe ndiye unayewajua mbwa, na wewe ndiye uliyeandika."

Watu wakaitikia. Mama Hannah akajifunika uso kwa leso. Nilimwona Syovata akiyatazama yale meno aliyoyatia kwa pesa ya mtu mwingine. Kisha akainua kichwa.

"Bwana Boga, na kwako niliandika nini?"

"Hatuko kwangu."

"Niliandika mbwa kali. Tena ulitaka herufi nyekundu. Mbwa wako yuko wapi?"

Kuna mtu alicheka. Boga akasema hayo ni mambo ya nyumbani kwake.

"Kwako hakuna mbwa," Syovata akasema. "Hajawahi kuweko hata mmoja. Sasa kama bango ndilo shahidi, mbona kwako shahidi anadanganya?"

Nilimvuta nguo. Alinitoa mkono.

"Nendeni mkatazame mageti yenu. Penye picha ya mbwa, mbwa nilimwona. Penye maneno matupu hakuna mbwa, kuna woga wenu tu. Nimewafichia siri miaka yote hii, na leo mnataka kumwua mnyama kwa uongo niliowaandikia mimi. Kila anayesema bango halidanganyi, asimame atuonyeshe mbwa wake."

Hakusimama mtu. Pale pale niliona wanaume wazima wakikumbuka mageti yao, wakihesabu kichwani nani kasikia, nani yuko nyuma, yule kijana wa bodaboda ni wa wapi. Baraza lote lilitoka jasho. Mimi nilijua kwamba Syovata ameshaiua kazi yake mwenyewe, na sikujua nimwonee huruma au nimpigie makofi.

Mzee Chome akagonga meza. "Haya. Bango tuliweke kando. Nani alimuuma mtoto?"

"Mmemuuliza mwenyewe?" akasema Syovata.

 Wazee, vijana wa fimbo, Boga na sauti yake, hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza yule mtoto. Mama yake alimtazama binti yake aliyekuwa amempakata, mguu umefungwa bendeji, biskuti mkononi, kisha akatazama chini.

Mzee Chome akamwita kwa upole. "Cynthia, mjukuu wangu. Ni mbwa gani?"

"Yule mweupe wa kwenye bucha," mtoto akasema. "Nilitaka kumshika mtoto wake mmoja."

"Na huyu mkubwa?"

"Kamanda alikuwa ndani ya geti. Alibweka tu."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo hasira yangu ilipozaliwa. Yule mbwa mweupe kila mtu anamjua. Ni wa kienyeji, mdogo, analala chini ya meza ya bucha na kila mtu humtupia mfupa. Alikuwa amezaa. Na wale wale watu, midomo ile ile, wakaanza kumtetea kabla hata hawajafuta jasho.

"Aa, yule? Yule ana watoto."

"Mzazi ni mzazi. Angefanya nini?"

"Yule hana neno, tumekaa naye miaka."

Na Boga mwenyewe, bila haya, akasema, "Na watoto nao wafundishwe wasichezee watoto wa mbwa."

Fimbo zikawekwa chini. Mtu akampigia simu yule kijana wa sumu arudi. Watu wakaanza kuaga, wakiulizana habari za kisima na bei ya unga. Hakuna aliyemwomba Mama Hannah radhi, wala aliyemfungua Kamanda kamba.

Syovata akawafuata hatua mbili. "Kumbe mnajua," aliwaambia migongo yao. "Mnajua kwamba mbwa haumi bure. Sababu mnazo tele, mnampa mnayemtaka. Huyu hata moja hamkumpa, na hakuuma."

Hawakugeuka. Daktari Faith alikuja akamchanja yule mweupe na kuwachukua watoto wake wakue Bongwe, na Syovata akawachora kila mmoja kwenye plaiwudi. Hakutaka yule mweupe adhuriwe, na mimi nilishangaa kwamba watu walidhani angetaka.

Kazi yake ikafa kama nilivyojua itakufa. Ukunda nzima ilikuwa inapita ikisoma mageti. Watu wakachukua brashi usiku wakajichorea vichwa wenyewe, na asubuhi mtaa ulijaa mbuzi wenye masikio ya punda. Hapo alicheka, mara ya kwanza tangu baraza. Lakini bango jipya hakuna aliyemletea, na baadhi ya wateja wangu nao wakaacha kuja kwa sababu nilionekana nimekaa upande wake. Wacha waende.

Kisha akaja Boga. Ilikuwa karibu na Idi, na kitambaa cha kanzu yake kilikuwa kwangu tayari, cheupe, kizuri. Nilidhani amekuja kupimwa. Akanisalimia, akapita, akaenda kwa Syovata. Mama Hannah alikuwepo na Kamanda, amekuja kuchukua bango lake lililochorwa upya. Syovata alikuwa amefuta meno, amefuta na neno KALI. Palibaki sura, mdomo umefungwa, na maneno: MBWA. ANAITWA KAMANDA.

"Shikamoo, mama," Boga akamwambia Mama Hannah, sauti imelegea.

"Marahaba."

"Mama, mimi silali. Kila mwizi wa hapa mpaka Msambweni anajua sina mbwa. Nataka kukuomba huyu. Wewe ni mtu mzima, mbwa mkali kama huyu hutamuweza."

Kamanda alikuwa ameinuka. Akamwendea Boga taratibu, akamgeuzia mgongo, akamkalia mguu, akamwegemea. Boga akakauka pale.

"Mwondoe," alinong'ona.

"Amekupenda," Mama Hannah akasema.

"Anauma?"

"Hajawahi kumuuma mtu."

"Hata mwizi?"

"Sijui, mwanangu. Mwizi hajaja."

Boga akautoa mguu wake polepole, akajipangusa suruali. "Basi wa nini," akasema.

Nilikuwa nimesikia yote kupitia mabati. Nikakitoa kitambaa chake kabatini, hakijakatwa, nikatoka nikamwekea mikononi. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia, "Juzi ulitaka kumwua kwa kuwa anauma. Leo humtaki kwa kuwa haumi. Mtu wa namna hiyo mimi simshonei. Kanzu yako katafute fundi mwingine."

Aliondoka na kitambaa chake. Nilibaki nimesimama mlangoni, ndipo Kamanda akaja kwangu. Akanikalia mguu. Nilitaka kuuvuta, lakini alikuwa mzito na alikuwa ameshatulia, na akainama akanilamba kidole. Sikumfukuza. Mama Hannah alipomaliza kumlipa Syovata, wakaenda zao nyumbani na bango lao kwapani. Mimi nikachota mchanga uani nikaosha, moja mpaka saba, na hasira bado ninayo.